Mfuko wa Vumbi

Kila siku akitoka shule, Sisimizi alipitia kwenye karakana ya mama yake. Jina hilo alipewa na mjomba wake, kwa sababu hakuweza kuona kitu sakafuni asikibebe. Mafundi walikuwa watatu tu: mama, aliyekata mbao, mjomba, aliyezipiga msasa, na fundi wa randa aliyeitwa Chapuchapu, kwa kuwa hakuna kazi aliyoifanya polepole.

Kwenye kona ilisimama mashine ya kufyonza vumbi. Mabomba yake yalikwenda kwenye msumeno, kwenye randa na kwenye meza ya msasa. Kila bomba lilikuwa na kifuniko. Bomba lisilotumika lilitakiwa kufungwa, ili nguvu yote ya mashine iende panapofanyika kazi. Lakini Chapuchapu aliyaacha yote wazi kutwa nzima.

"Nifunge, nifungue, nifunge, nifungue! Mimi fundi au bawabu?" alisema, na wenzake wakacheka.

Mjomba naye alicheka, kisha akakohoa. Meza yake ilikuwa mbali na mashine, hivyo mvuto uliomfikia ulikuwa hafifu. Vumbi laini lilimganda kwenye nyusi. Ukimwuliza kuhusu kikohozi, alisema ni mafua tu.

Sisimizi alipewa kazi ya kumwaga mfuko wa mashine, maana ukijaa, mashine hunguruma bure bila kuvuta kitu. Lakini wiki moja mteja alitaka makabati yake haraka, vumbi likawa jingi, na nje wenzake Sisimizi walikuwa wakimwita wakacheze mpira.

"Mwanangu, mfuko umeumwaga?" mama aliuliza bila kuinua macho kwenye msumeno.

"Ndiyo, mama."

Hakuwa ameugusa. Kesho yake alijibu vilevile.

Alasiri moja alikuta mashine zote zimezimwa. Mjomba alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kifua kikipiga filimbi. Chapuchapu alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi. Mama alikuwa ametoka mbio kutafuta gari.

"Sisi..." mjomba alijaribu kumwita. Pumzi haikutosha kumalizia jina.

Hospitalini daktari alizungumza nao kwa upole. "Hili halikuanza leo. Vumbi la mbao limemdhuru kifua kwa muda mrefu. Atapata nafuu, lakini asirudi tena kwenye msasa."

Mjomba aligeukia ukuta. Hakuwa na ujuzi wa kazi nyingine.

Waliporudi karakana, mama alifungua mashine. Mfuko ulikuwa umefura, mgumu kama gunia la mchanga.

"Mama, sikuumwaga," Sisimizi alisema. "Nilikudanganya."

"Usimgombeze, dada," Chapuchapu alisema, kichwa chini. "Mabomba niliyaacha wazi mimi."

"Na mimi nilikisikia kile kikohozi," mama alijibu, "nikasema tumalize makabati kwanza."

Hakuna aliyegombezwa. Sisimizi aliona afadhali angegombezwa.

Tangu siku hiyo, meza ya msasa ilisogezwa karibu na mashine. Chapuchapu alifungua bomba la kazi inayofanyika tu na kufunga mengine. Waliwasha mashine kabla ya kukata, wakaiacha ivute kidogo baada ya kumaliza, kisha wakaizima. Wote walivaa barakoa, na mfuko haukuachwa ujae. Vumbi lilipungua sana.

Siku moja mjomba alikuja kuwasalimu. Alisimama mlangoni akaitazama meza yake, ambapo sasa mama ndiye aliyepiga msasa. Hakuingia.

"Hewa imekuwa safi," alisema.

"Imekuwa safi, kaka," Chapuchapu alijibu. Hakuongeza utani.

Mjomba alitikisa kichwa kukubali, akaondoka taratibu, akipumzika kila baada ya hatua chache. Sisimizi aliangua kilio. Mama alivua barakoa, akamkalisha karibu naye.

"Mwanangu, ukweli uliousema umetusaidia sisi tuliobaki. Ungeusema nilipokuuliza, labda ungemsaidia na yeye. Kazi ikikushinda au ukiiacha, sema, mwingine ataifanya. Lakini ukisema umeifanya, hakuna atakayekwenda kuangalia."

Sisimizi alifuta machozi, akaenda kuufungua mfuko.