Doka ya Bibi Batul

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ishraga alifagia ua wa nyumba yao mjini Wad Madani, na si kwa ufagio peke yake. Alifunga kamba kwenye sumaku kubwa iliyotolewa katika spika mbovu, akaiburuta juu ya udongo mweusi. Misumari na vizibo vya soda vilinasa. Maganda ya risasi hayakunasa, kwa hiyo aliyaokota kwa mkono na kuyatia ndooni. Familia iliporudi kutoka ukimbizini Gedaref, vijana wa kutegua mabomu waliukagua ua mzima wakasema ni salama. Takataka waliziacha palepale.

"Usichoke, mpwa wangu," mjomba wake Mudathir alimwambia akiwa anakunywa chai mlangoni. "Mashine yangu imezeeka. Vya juu vikipiga kelele, haisikii vya chini."

Mjomba Mudathir alitafuta dhahabu miaka mingi katika jangwa la Abu Hamad. Wenzake wengine walirudi na magari. Yeye alirudi na mgongo mbovu na ile mashine ya kutambua madini yaliyo ardhini: kisanduku chenye swichi za kuzungusha, fimbo, na sahani ya duara iliyofungwa utepe wa gundi kila upande. Siku hizi alitengeneza pampu za maji, na mashine ilikaa juu ya kabati hadi walipoihitaji.

Walikuwa wanatafuta hilali ya Bibi Batul, mama yake mjomba. Ilikuwa kipande cha dhahabu chenye umbo la mwezi mchanga, na kila bibi harusi wa ukoo wao alifungwa hilali hiyo kwenye paji la uso kwa utepe mwekundu siku ya jirtigi, sherehe ya kuwabariki maharusi. Asubuhi waliyokimbia vita, watu wazima wakiwa wanapakia magodoro kwenye lori, Bibi Batul aliizika peke yake mahali fulani uani. Alikusudia kuwaambia watakapofika salama. Njiani kiharusi kilimpiga, mdomo ukaenda upande na maneno yakampotea. Alifariki Gedaref, katika darasa la shule walimokuwa wamehifadhiwa, akazikwa huko mbali na watu wake. Na sasa Rihab, dada yake Ishraga, alikuwa anaolewa Alhamisi.

Siku moja alasiri mjomba alikuwa bado kazini. Ishraga hakuvumilia kumngoja. Alilala na bibi yake kitanda kimoja tangu akiwa mdogo, na alitaka awe yeye atakayeipata hilali. Akaishusha mashine, akazungusha swichi ya nguvu hadi mwisho. Mashine ikapiga mayowe kila alipogeuka.

"Eh, Ishraga!" Mujtaba, kijana wa jirani, aliita kutoka juu ya ukuta. "Mnachinja mbuzi leo? Mbona harusi bado?"

"Shuka ukutani, wewe! Huna kazi kwenu?"

"Kazi ninayo. Naangalia mchimba visima."

Kwa hasira Ishraga alichimba hapa, akachimba pale. Alipata kopo, komeo, kipande cha bomba. Karibu na ukuta wa jiko mashine ililia kuliko mahali pengine pote. Alichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Sepetu ikagonga kitu. Lilikuwa bamba la chuma, limejaa kutu na tope.

"Hongera!" Mujtaba alicheka. "Dhahabu ya fundi bati!"

Ishraga alilitupa bamba kwenye rundo la takataka, akafukia shimo nusunusu, akaingia ndani kulia.

Mjomba aliporudi na kuona ua umetobolewa kila mahali, hakugomba. Alimvua Ishraga bangili ya chuma aliyovaa, akamvika spika za masikioni.

"Ukiipa nguvu zote inasikia kila kitu, yaani haisikii chochote," alisema. "Punguza mpaka inyamaze. Haya, sasa inua sahani, ishushe. Inanguruma? Ni udongo huo. Zungusha hii mpaka ukiishusha isinung'unike."

"Na hii swichi ya kukataa chuma, mjomba?"

"Iache. Ukikataa chuma, inakunyima na vilivyo mbali chini ya udongo. Sahani ikaribie kugusa chini, ilale sawa, usiinyanyue ukifika mwisho wa kuipitisha. Polepole. Kilicho chini sana hakilii, kinanong'ona."

Walianzia langoni, hatua fupi fupi. Walipofika karibu na ukuta wa jiko, Ishraga alisema, "Hapo nimeshachimba, mjomba. Ni chuma kibovu tu." Mjomba akaparuka mahali hapo, wakaendelea. Hadi Jumatano walikuwa wamemaliza ua wote, na hilali haikuonekana.

"Basi," mama yake Ishraga, Sittana, alisema. "Nitaazima ya jirani yetu Hajja Sakina. Si vibaya kuazima." Lakini alisema hivyo akiwa amewapa mgongo. Hawakuwa na kitu kingine chochote cha Bibi Batul. Hata kaburi lake lilikuwa mbali.

Kabla wageni hawajaanza kuingia, mama aliita mkokoteni wa punda uchukue lile rundo la takataka. Alikuwa akisaidia kupakia alipotulia ghafla, bamba la chuma mkononi. Akalifuta tope kwa pindo la nguo yake. Kwenye ukingo palikuwa na kibonyeo alichokijua.

"Ishraga. Hii umeitoa wapi?"

"Pale ukutani, mama. Ilikuwa imefukiwa."

"Hii ni doka ya mama."

Rihab alitoka ndani. Mjomba Mudathir naye akasogea. Wote waliijua doka ile, bamba ambalo Bibi Batul alipikia kisra, mkate mwembamba kama karatasi, tangu alipoolewa, akilipaka mafuta kila siku na kumkataza kila mtu kuligusa. Walidhani limeibwa pamoja na vyombo vingine.

"Nani anazika doka?" Rihab aliuliza.

Ishraga akakumbuka. Kule Gedaref, bibi alikuwa amebakiwa na maneno machache sana: maji, jina la Mungu, na doka. "Doka," alikuwa akisema, huku akikandamiza godoro kwa kiganja chake kizima. "Doka. Doka." Wakafikiri ametamani kupika. Mama aliuza mtungi wa gesi akamnunulia doka mpya, inayong'aa, wakamwekea mapajani. Bibi aliitazama, akaisukuma, akageukia ukutani. Machozi yalimtoka siku ile nzima. Wao wakasema ni ugonjwa.

"Alikuwa anatuambia," mama alisema. "Ee Mungu wangu, alikuwa anatuambia!" Akakaa chini kwenye udongo, doka kifuani, akalia kwa sauti kama siku ya msiba.

Mjomba alijifuta macho kwa kilemba. "Nilimfundisha mwenyewe," alisema. "Nilimwambia wachimbaji wakipata chuma kibovu hufukia shimo wakaondoka. Akaiweka doka juu ya hilali ili kuwadanganya wezi." Kisha akamgeukia Ishraga. "Ulipoitoa, ulipitisha sahani tena shimoni?"

"Hapana, mjomba."

"Hata mimi sikukuuliza. Lete mashine."

Ishraga alichimbua udongo aliokuwa ameurudisha. Mjomba akaipeleka sepetu mbali ili isiichanganye mashine, Ishraga akalala kifudifudi na kuishusha sahani ndani ya shimo. Kwanza kimya. Akaisogeza polepole. Kisha akasikia sauti nyembamba kama ya mbu aliye chumba cha pili.

"Ipo," alisema.

Walichimba kwa mikono. Lilitoka kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa kipande cha nguo ya bibi ya manjano. Ndani mlikuwa na hilali, na utepe mwekundu umekunjwa vizuri, tayari kwa kufungwa. Mama aliunusa utepe. Bado ulinukia msandali. Hakuna aliyepiga kigelegele.

"Nisikilizeni, watoto," Mjomba Mudathir alisema, "na mimi najiambia mwenyewe. Kazi haijaisha kwa kupata kitu cha kwanza. Shimo hupimwa tena mpaka linyamaze. Na mtu mgonjwa akirudia neno moja, usimjibu haraka ili atulie. Mama alikuwa na neno moja tu la kutuachia, akalisema mpaka mwisho. Sisi tulikuwa na maneno mengi, hatukumuuliza hata swali moja zaidi."

"Ningemwuliza, angenionyesha?" Ishraga alilia.

"Sijui, mwanangu. Tungemwuliza, asingelia peke yake."

Alhamisi Rihab alifungwa hilali, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka mtaa wa pili. Mama alikuwa amesugua ile doka ya zamani akapikia kisra ya kwanza. Ilichanika vipande vipande kwa sababu ya kutu, na bado waligombania kuila.

Ishraga alitoka peke yake kwenda ukutani. Alipitisha sahani shimoni mara ya mwisho. Kimya. Alivua spika za masikioni, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo na kukandamiza, kama bibi alivyokuwa akifanya kwenye godoro.

"Tumekusikia, Bibi," alisema. "Tumechelewa, lakini tumekusikia."

Kisha akaanza kufukia shimo.