Duara Katikati ya Mizabibu

Kila asubuhi, jua likiwa bado la upole, Loisi alipita kwenye mizabibu yake pale Hombolo. Alikuwa mkulima asiyependelea. Kila mzabibu ulipata ndoo moja ya samadi, hakuna mkubwa wala mdogo. Lakini mizabibu ya katikati ilimtia aibu. Ilijaa majani, zabibu hakuna. Aliiongezea samadi, nayo ikaongeza majani.

Mumewe, Sila, alichoka kungoja. Alisema Jumamosi ataing'oa yote, apande mtama. Loisi aliumia moyoni, kwani aliipanda kwa mikono yake mwenyewe.

Ijumaa alimwita Gladness, bibi shamba wa kata. Gladness alikuja na droni, yaani kidege chenye kamera kisicho na rubani. Kiliporuka, kuku wote walitimua mbio. Kisha aliwaonyesha picha kwenye simu. Aliwaeleza kuwa kamera ile huona hali ya majani vizuri kuliko jicho. Njano ni mimea yenye njaa. Kijani kizito ni majani yaliyozidi.

Kingo za shamba zilikuwa za njano. Katikati palikuwa na duara la kijani kizito.

Sila alilizungushia kidole. "Hili ni zizi la ng'ombe wa babu," alisema. "Marehemu baba alinisimulia kuwa lilikuwa huku. Sikujua ni wapi hasa."

"Basi, baba, udongo huo umeshiba samadi tangu enzi za babu," alisema Gladness. "Mzabibu ukishiba kupita kiasi huotesha majani, ukasahau kuzaa. Ila droni inatuonyesha mahali tu. Sababu tutaijua kwa kupima udongo."

Sila alikubali kungoja. Majibu ya udongo yalikuja, na bibi shamba hakuwa amekosea. Loisi aliacha kuweka samadi ndani ya duara, akaipeleka kingoni kwenye njaa. Majani yaliyozidi aliyapunguza ili jua lipenye.

Msimu wa kwanza vichala vilikuwa vya kuhesabika. Msimu wa pili duara lote lilizaa, na kingo nazo hazikubaki nyuma. Furaha ilimjaa Loisi. Alikata kichala kwenye mzabibu ambao Sila alitaka kuanza nao kung'oa, akampa.

Sila alikula palepale, amesimama, tunda moja moja. Kichala kilipokwisha, alinyoosha mkono kuomba kingine. Loisi alicheka mpaka akakaa chini.