Aliyemuuguza Tunu

Mwezi wa saba, mwaka juzi, nilikwenda Qurus kumsaidia mama mdogo Sabina kuvuna mahindi. Asubuhi ilikuwa ya kawaida ya kwetu: baridi, ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka juu ya bati, majirani wakiitana shambani bila kuonana. Nilimkuta jikoni. Hakuinuka kunipokea. Alikuwa amempakata paka, amemzungushia kitenge.

"Karibu, Eva mwanangu," alisema. "Tunu anaumwa sana."

Paka yule aliletwa na mumewe, baba mdogo Felisiani. Alimtoa Nainokanoka alikokwenda kununua mtamba, akarudi naye ndani ya koti. Hawakujaliwa mtoto, hivyo Tunu alidekezwa kama mtoto. Mwezi wa nne baba mdogo alifariki, tukamzika nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo paka alikuwa akilala juu ya kaburi, mvua ikimnyeshea, mpaka alipoanguka.

Mchana bwana mifugo Wilibrodi alikuja na pikipiki yake. Alimvuta Tunu ngozi ya shingo. Ngozi ikabaki imesimama kwa kukosa maji. Akamdunga sindano, akaacha vidonge na bomba la kumnyweshea.

"Ni homa ya mapafu, mama. Mpe maji na mchuzi kidogo kidogo. Vidonge usiruke hata kimoja. Ila usijipe matumaini mengi."

Tukamuuguza. Mama mdogo alichemsha dagaa, akachuja mchuzi, akamdondoshea tone moja moja pembeni mwa mdomo. Mimi nilijaza chupa maji ya moto, nikaifunga kwa sweta na kumwekea mgongoni. Siku ya tatu Tunu alimeza mwenyewe. Siku ya nne alijaribu kujilamba mguu, akachoka katikati, ulimi ukabaki nje. Mama mdogo alilia kwa furaha.

Siku ya tano tulikwenda wote shambani, tukafunga mlango kwa kufuli. Tuliporudi saa sita mchana, nikashika chupa ili niibadilishe maji.

Ilikuwa ya moto.

Mafiga yalikuwa baridi, majivu hayakuwa na hata cheche. Mdomo wa paka ulikuwa umelowa mchuzi. Bomba lilikuwa limeoshwa na kusimamishwa kwenye kikombe. Sisi tulikuwa tunalilaza.

Nilimgeukia mama mdogo. Hakushtuka.

"Hata jana ilikuwa hivi," alinong'ona.

Kesho yake alikwenda shambani peke yake. Mimi nikabaki nje ya mlango wa jikoni, nimejibanza ukutani. Saa tano. Mchana kweupe. Nikasikia kigoda kikivutwa. Kisha sauti ya chini kabisa, kwa Kiiraqw, lugha yetu. "Kunywa. Kidogo tu. Kunywa."

Nilisukuma mlango.

Hapakuwa na mtu. Kigoda kilikuwa karibu na paka. Nilikigusa. Kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Mama mdogo aliporudi nilimweleza. Akanishika mkono. "Ni Felisiani," alisema. "Tafadhali, usimtishe."

Baada ya siku mbili Tunu alisimama, miguu ikicheza, akapiga hatua tatu. Tulidhani amepona. Lakini homa ilirudi. Akaacha kula. Kifua kikaanza kukoroma tena, na mimi sikuelewa kwa nini, kwani mama mdogo ndiye aliyekuwa akimpa dawa. Nilipokung'uta matandiko yake, vidonge vilidondoka kutoka kwenye kona ya kitambaa. Vilikuwa vya siku nne.

"Mama mdogo! Unamuua!"

Aliviokota kimoja kimoja.

"Akipona, Felisiani ataondoka," alisema. "Nyumba hii imekuwa kimya tangu mwezi wa nne. Ukimya unakula mtu, Eva. Sasa nikipita nje nasikia kigoda kikivutwa, nasikia mtu anaongea. Unataka nikose na hicho?"

Nilikaa chini nikalia. Tunu alifumbua macho, akanyoosha mguu taratibu, akauweka juu ya kiganja cha mama mdogo. Mguu uliwaka homa. Mama mdogo aliutazama. Kisha akachukua kidonge, akakisaga kati ya vijiko viwili, akakikoroga kwenye mchuzi.

"Nisamehe," alisema. Sijui alimwambia nani.

Ilichukua wiki tatu. Siku moja anainuka, siku mbili analala. Kijiko cha mchuzi, kisha kipande cha samaki. Na kila tulipotoka, kuna aliyekaa pale kigodani.

Halafu adhuhuri moja, tukiwa tumekaa jikoni, Tunu alitembea mwenyewe hadi mlangoni. Akainua kichwa juu, kama paka anayemtazama mtu mrefu. Macho yake yalifuata kitu taratibu. Yalivuka ua. Yalipita kaburi bila kusimama. Yaliishia kwenye njia ya kwenda Daa.

"Felisiani?" mama mdogo aliita.

Hakujibiwa. Kigoda hakikuvutwa tena. Mama mdogo alikaa kando ya kigoda mpaka jua likazama.

Nilirudi Qurus mwezi wa kumi. Tunu alikuwa amenenepa. Ubavuni, pale manyoya yalipomnyonyoka alipougua, yalikuwa yameota mapya, meupe, yakachora kiganja kizima na vidole, kama cha mtu anayembeba.

"Umeuona mkono wake?" mama mdogo aliniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu msiba. Aliweka kiganja chake juu ya alama ile, akafumba macho.

Alipotoka kuchota maji, nilimgeuza Tunu kwenye mwanga. Nikahesabu. Nikarudia kuhesabu.

Vidole vilikuwa sita. Baba mdogo alikuwa na vitano.

Mpaka leo sijamwambia.