Kamera ya Tatu ya Katonga

Duka la dawa la Recho, pale Mwanga, lina kamera nne. Jeremia ndiye aliyezifunga, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuhesabu, lakini Jumanne ile alasiri alihesabu mara tatu. Kwenye skrini kulikuwa na picha tano.

Nne zilikuwa za duka: kaunta, mlango, stoo na uchochoro wa nyuma. Ya tano ilionyesha uwanja wa kuanikia dagaa, gati la mbao linaloingia ziwani, na mwanaume aliyesimama ukingoni mwa maji, ameipa kamera mgongo. Recho aliuliza kama mitambo imeingiliana na ya jirani, kisha akakunja pua akasema ananusa dagaa waliolowa. Jeremia alizima, akawasha, picha zikawa nne. Alimwambia ni hitilafu ndogo, akatoka haraka. Uwanja ule aliujua. Aliijua hata kamera inayouona kutoka pembe ile, na alijua kwamba kamera hiyo ilikuwa imekufa.

Hapa lazima nimseme kidogo. Jeremia alikuwa hodari wa kufunga, ila kurudi ndiko kulikomshinda. Kazi ya kufunga hulipwa mara moja ikaisha. Mkataba wa sevisi ndio unaomweka fundi wa kamera mjini, na yeye alikuwa na mikataba kumi na saba, kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Mkataba ulisema kila mwezi atapanda ngazi, atafuta lenzi, atatoa utando wa buibui, atakagua waya, kisha atasaini kadi inayoning'inia kando ya mashine ya kurekodi. Miezi ya mwanzo alipanda. Baadaye akawa anasaini tu, kikombe cha chai mkononi, na ngazi imebaki nje imelala. Uvivu wenye mhuri, basi. Na nani angejua? Hakuna mtu anayekumbuka kamera mpaka siku jambo limetokea.

Kule Katonga, ufukweni mwa ziwa, jambo lilitokea. Ghala la dagaa la Mama Catherine, mmoja wa wateja hao, lilikuwa na walinzi wawili, Feliksi na Elikana. Asubuhi moja Feliksi aliokotwa majini amekufa, na jana yake watu walikuwa wamewasikia wawili hao wakigombania zamu. Mpelelezi alimwita Jeremia afungue mashine, amtafutie picha za kamera ya tatu, ile inayotazama gati. Hazikuwepo. Panya walikuwa wamekula waya, na Jeremia, aliyeziona tarehe za picha za mwisho peke yake, alijua kamera ilikuwa gizani kwa wiki saba. Lakini kadi ukutani ilisema, kwa mwandiko wake mwenyewe, kwamba siku tisa tu zilizopita kamera zote zilikuwa nzima. Mpelelezi akauliza picha ziko wapi. Jeremia aliitazama ile kadi.

"Zimefutwa," akasema.

Ufunguo wa chumba cha mashine ulikuwa kwa Elikana. Ilitosha. Sasa Elikana alikuwa na miezi mitatu mahabusu kwa kesi ya mauaji, na kila siku Jeremia alijiambia kwamba kama mtu hana hatia atatoka tu. Alijiambia hivyo akiwa anapiga mswaki, akiwa anakula, na hakujiamini hata mara moja.

Baada ya duka la Recho ikafuata nyumba ya wageni ya Ujiji. Kamera sita, picha saba. Mwanaume wa kwenye gati sasa alikuwa ameliacha gati, amefika katikati ya uwanja, na bado alikuwa ameipa kamera mgongo, kama mtu anayetembea kinyumenyume. Jeremia akaacha kwenda kwa wateja. Akawa anajifungia kwenye kibanda chake cha ufundi, na huko nako, mchana kweupe, akawa anasikia ngazi ikiburutwa nje kwenye kokoto, taratibu, kisha ikiegemezwa ukutani. Akitoka, hakuna kitu. Ila kokoto zilikuwa zimelowa.

Jumapili baada ya ibada, akiwa kibandani, simu yake ikajiwasha yenyewe. Ilionyesha jiko la nyumbani kwake, likionwa kutoka juu, kona ya dari, mahali ambapo hajawahi kufunga kitu chochote, na chini yake mkewe, Wema, ameinama anageuza samaki aina ya migebuka kikaangoni, na nyuma ya Wema, karibu kabisa, hata pindo la nguo likimgusa kanga, amesimama yule mwanaume na koti la mlinzi linalochuruzika maji. Alimpigia mkewe. Kwenye picha alimwona Wema akifuta mkono na kuchukua simu.

"Toka nje," Jeremia alinong'ona. "Usigeuke. Toka hivyo hivyo."

"Baba Bariki," Wema alijibu, "mbona sakafu imelowa?"

Alitoka, Mungu alisaidia, na hakurudi ndani siku ile. Jioni, chini ya mti wa jirani, alimuuliza mumewe amefanya nini. Hakumuuliza kuna nini. Wanawake wanajua. Jeremia akamweleza yote, na Wema akalia, halafu akamwambia kesho waende Ujiji kwa Mwalimu Assani.

Mwalimu Assani ni mzee wa Kimanyema anayesomea watu wenye majini, na hapendi maneno mengi. Alisoma, akapulizia maji, akafukiza ubani, na chumba kikazidi kunuka dagaa mpaka mwenyewe akaziba pua. Kisha akafunika msahafu.

"Uliandika pale pana jicho, na jicho halikuwepo," alisema. "Wenzetu wale wasioonekana hawaachi nafasi tupu. Mmoja ameshika lindo lako, na usiku ule aliona. Amechukua sura ya marehemu ili umsikilize."

"Mtoe, Mwalimu. Nakuomba."

"Mimi? Umemwajiri wewe kwa saini yako. Kamwachishe kwa mdomo wako, mbele ya yule uliyemsainia."

Mnafikiri alikwenda kukiri? Alikwenda kutengeneza. Alidhani akipanda ngazi kweli, akabadilisha waya, deni la ile kadi litafutika kimyakimya na hakuna atakayejua. Asubuhi yake alifika Katonga wanawake wakigeuza dagaa juani, akamsalimia Mama Catherine, akaegemeza ngazi kwenye nguzo ya kamera ya tatu.

Alipanda. Alifuta lenzi, akatoa utando, akaunga waya mpya, akafungua simu kujaribu picha, na picha ikaja, lakini ilikuwa giza la usiku ule, na ndani ya giza hilo Feliksi alikuja peke yake na tochi, akaenda hadi mwisho wa gati kufunga kamba ya boti iliyolegea, akateleza, akagonga kichwa kwenye ubao, akaingia majini, na hapakuwa na mtu mwingine, hapakuwa na Elikana wala kivuli chake, ni maji tu yaliyotulia, na ilipokwisha ikaanza tena, na mara ya tatu Jeremia akahisi ngazi imetulia mno chini yake, imara, kama inavyotulia ikishikwa, akatazama chini kati ya miguu yake, akaona mikono miwili imevimba na kuwa myeupe kwa kukaa majini, imeishika ngazi pande zote mbili, na uso, ambao kwa mara ya kwanza ulikuwa umegeuka, unamtazama kwa subira, kama mtu wa zamu anayengoja mwenzake ampokee.

"Mama Catherine!" Wanawake wote wakainua vichwa. "Sikupanda! Kadi nilisaini chini. Kamera ilikuwa imekufa wiki saba. Hakuna aliyefuta kitu. Elikana hakufuta kitu!"

Aliyarudia mpaka sauti ikakatika. Alipotazama chini, aliyeshika ngazi alikuwa Mama Catherine, na hakuwa akimtazama kwa huruma.

Siku ile ile aliyasema tena kwa mpelelezi, yakaandikwa, akatia sahihi. Mikataba yote kumi na saba ikavunjwa. Nyumbani sakafu ikakauka. Baada ya wiki tano Elikana akaachiwa, na Jeremia akamfuata kwao Kidahwe, akamkuta shambani amekonda, anapalilia maharage.

"Mwakeye, fundi," Elikana alimsalimia kwa Kiha, bila kusimama.

Jeremia alipiga magoti kwenye tuta. Elikana alimsikiliza hadi mwisho, halafu akamuuliza alijua tangu lini kwamba hakuna kilichofutwa. Jeremia akasema tangu siku ya kwanza.

"Mama yangu alikuja kuniona mara moja tu," Elikana alisema. "Aliniambia, fundi msomi vile hana sababu ya kukusingizia, tubu mwanangu. Amekufa miezi miwili iliyopita, kabla hujasema ukweli, anajua amezaa muuaji." Akaonyesha kwa jembe. "Yuko pale nyuma ya migomba. Nenda kamwambie wewe."

Jeremia alikwenda. Alisimama mbele ya kaburi mpaka jua likazama, akafungua mdomo mara nyingi, na hakuna neno lililotoka.