Shikamoo ya Kinyume

Jioni ile kazi yangu ilikuwa ileile ya kila siku: kumfuata Umi kwa baiskeli, dumu la maji kwenye keria, simu yake mfukoni nimhesabie dakika. Nyumbani mihogo yangu ilikuwa inaliwa na nguruwe. Uzio ulilala tangu mwezi uliopita. Na mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, nahangaika barabarani nyuma ya mtoto wa jirani.

Kirongwe nzima ilitucheka. "Somoe," waliniita barazani, "huyo mbwa anayemfukuza mbona hatumwoni?"

Niliwajibu kwa ulimi ninaoujua mwenyewe, kisha nikaendelea kukanyaga pedeli.

Umi ni mtoto wa Aziza, tumepakana ua. Aziza ana pumu, hawezi kumfuata mtu hata mpaka kisimani. Msichana mwenyewe alishafeli mtihani mara mbili, na hakuwa na mlango mwingine isipokuwa miguu yake. Kocha mmoja wa bara alikuwa ameahidi: wasichana wawili wa kwanza kwenye mbio za kilomita ishirini na moja pale Kilindoni, atawachukua kwenye timu yake, wakimbie na waajiriwe. Aziza alinishika mkono akaniomba. Nikakubali, na tangu hapo sikujua raha ya jioni.

Tulikuwa tunarudi. Jua limeshazama, minazi imeanza kuwa myeusi. Karibu na lile ziwa lenye magugu, mnyororo wa baiskeli ukachomoka. Mara ya tatu siku hiyo. Nilishuka nikatukana, nikainama, vidole vikajaa grisi. Umi alikuwa hatua tatu mbele yangu, anahema.

Kwanza ilikuja harufu.

Harufu ya nguo zilizokaa sandukuni miaka mingi. Kanga za marehemu. Udi uliokwisha nguvu.

Kisha fimbo. Ko... ko... ko...

Nikainua kichwa. Kando ya barabara alisimama bibi kizee amejitanda kaniki, mgongo umepinda mpaka uso unatazama mchanga. Sikumjua, na mimi wazee wa huku nawajua wote. Nikaona aibu. Nikajipangusa mikono ili nimwamkie.

Akawahi yeye.

"Shikamoo."

Sauti kavu, ya mtu wa miaka mia. Nilidhani nimesikia vibaya. Mkubwa gani anamwamkia mdogo?

"Shikamoo," akarudia. Hakuwa anasema na mimi. Alikuwa amemgeukia Umi.

Na Umi, amechoka, pumzi zinamkata, akaitikia kama anavyoitikia watoto wa madrasa kila siku.

"Marahaba."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilisema moyoni, leo Umi kawa bibi.

Yule kizee akanyoosha mgongo.

Taratibu... pingili kwa pingili... mpaka akasimama wima kuliko mimi. Akailaza fimbo yake mchangani. Akaingia kwenye magugu kwa mwendo mwepesi, na maji ya ziwa hayakutoa sauti yoyote.

"Shangazi," Umi akaniita kwa kunong'ona. "Magoti yangu."

Nilimrudisha nyumbani nimempakia kwenye keria.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya mbio. Asubuhi ya kwanza aliinuka kwa kushika ukuta. Siku ya tatu nilimsuka, nikakuta mvi utosini, kiganja kizima. Mikono ilianza kutetemeka, ngozi ya vidole ikalegea. Uso ulibaki wa Umi. Tulimpeleka hospitali, daktari akampima, akasema goti halina kitu, apumzike. Apumzike! Miezi minne nimemeza vumbi, mihogo imekwisha, halafu apumzike. Niliwaka hasira na sikuwa na wa kumwakia.

Siku ya tano alikuwa amelala kwangu, nampaka mafuta ya nazi magotini. Akafumbua macho.

"Bibi yako Mwanaidi," akasema, "mimi ndiye niliyemwogesha siku ya ndoa yake. Alilia sana."

Bibi yangu alikufa Umi hajazaliwa.

Nilifunika kibuyu cha mafuta, nikatoka nje, nikaenda moja kwa moja kwa Mansuri, fundi baiskeli. Nilijifanya nimekwenda kwa ajili ya mnyororo. Yeye alikulia upande ule wa ziwa. Nilimhadithia huku anapima tairi kwenye beseni la maji.

"Alimwamkia nani?" akauliza.

"Umi."

"Na Umi akaitikia?"

"Akaitikia."

Mansuri akauacha mpira ukatoa mapovu bila kuutazama. "Mdogo akimwamkia mkubwa," akasema polepole, "anamwambia ukubwa ni wako. Sasa mkubwa akikuamkia wewe... anakukabidhi ukubwa wake. Ukisema marahaba, umepokea."

"Yule ni nani?"

"Sijui. Baba aliniambia tu nikiamkiwa na mzee pale ziwani, nipite kama kiziwi. Nilimuuliza sababu, akanizaba kofi."

"Na unatokaje?"

Akainama tena kwenye beseni lake. "Dada Somoe, unatoka kama ulivyoingia. Na usije ukamfundisha yule mtoto."

Nilimfundisha.

Nilimfundisha usiku haujaingia, tukiwa jikoni kwangu, kwa sauti ya ugomvi, kwa sababu nilishachoka kuona miguu ile imekunjwa mkekani. Nikamwambia kila neno. Umi alinisikiliza, mikono inatetemeka mapajani.

"Kwa hiyo nimtafute mtu nimuue," akasema.

"Sijasema hivyo."

"Umesemaje, shangazi?"

Kuanzia hapo akaacha kumwamkia mtu yeyote. Hata mamake. Hata mimi. Alikuwa hajui tena nani mkubwa wake na nani mdogo wake, akaona heri anyamaze. Watu wakasema mbio zimempa kiburi. Aziza akaja kunilalamikia kuwa mwanawe amepoteza adabu, akalia kwenye bega langu, na mimi ninayejua nikakaa nimefunga mdomo. Hakuna jambo lililonitesa kama lile.

Siku ya mbio nilimwambia tusiende. Akakataa. Tulipanda pikipiki mpaka Kilindoni, yeye amejitanda kanga mbili juu ya nguo za kukimbilia, ananishikilia kiunoni kama mgonjwa. Uwanja ulijaa watu. Vijana wa bara, walimu, wauguzi, muziki unapiga. Nikamfikisha kwenye foleni ya namba. Akasema, "Niache hapa."

Nikamwacha. Nikasimama kandokando ya barabara nikijilaumu kumleta mtoto kuja kuchekwa.

Firimbi ikalia. Wakapita wengi. Sikumwona.

Halafu nikamwona.

Alikuwa anakimbia. Mgongo umenyooka, magoti yanapanda juu, kanga kazitupa huko. Nilipiga kigelegele mpaka koo likauma. Nilifurahi. Nasema kweli yangu, kwa muda ule sikujiuliza chochote, nilifurahi kama niliyezaa mimi. Alimaliza wa pili. Kocha akamwandika jina mbele yangu.

Nilipomkumbatia nikashika vidole vyake. Laini. Vya miaka ishirini.

"Nani?" nikamnong'oneza.

Akatazama pembeni. "Namba ilinishinda kufunga, mikono ilikuwa inatetemeka. Msichana mmoja akanisaidia pini. Mgeni tu, sikumuuliza jina. Nikamwambia shikamoo. Akadhani namtania."

"Akasemaje?"

"Akacheka, shangazi. Akasema marahaba."

Tukaondoka kutafuta pikipiki. Chini, kando ya meza ya maji, alikaa msichana mwenye raba nyeupe na namba kifuani. Ameyashika magoti yake kwa mikono miwili. Kilemba kimeteleza, na nywele za mbele zilikuwa nyeupe. Muuguzi mmoja alimshikia kikombe mdomoni, akimwambia, "Polepole, bibi..." kisha akanyamaza, akamtazama tena usoni.

Yule msichana alikuwa analia akimtaka mama yake.

Ilikuja ile harufu ya sandukuni.

Nilipaswa kusimama. Nilikuwa najua neno zima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na pale uwanjani hakuna mwingine aliyelijua isipokuwa mimi na Umi. Lakini kama ningemfundisha, naye angemtafuta nani? Umi alikuwa ameshapanda pikipiki. Hakugeuza shingo. Nikapanda nyuma yake.

Nilichinja kuku jioni ile, Aziza akapika pilau, watu walewale wa barazani wakaja kula na kusifu. Mansuri hakuja.

Asubuhi nilikuwa nafagia uwanja. Umi akaja mbio kutoka barabarani, anang'aa kwa jasho, akasimama kwenye ua.

"Shikamoo, shangazi."

Nikasimamisha ufagio. Mtoto yule nimemwitikia tangu alipojua kusema. Ule ukubwa ameutoa, aliniambia. Lakini bibi yangu Mwanaidi alilia siku ya ndoa yake, na Umi bado anakumbuka. Usiku wa pilau alimsimulia mamake ndoa ile mpaka rangi ya kanga.

"Shangazi. Shikamoo."

Nilitaka kuitikia. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikainama nikaendelea kufagia mahali palepale nilipokwisha kufagia, hasira imenijaa, machozi yanadondoka mchangani. Alisubiri kidogo. Kisha nikasikia nyayo zake zikienda kwao, polepole, kama za mtu aliyetukanwa.

Ijumaa alipanda boti kwenda bara. Aliondoka bila marahaba yangu.