Ala ya Ngozi ya Dume Jeusi

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipofika Magu kutafuta ala ya bastola. Usishtuke. Kibali ninacho, na sababu ninayo. Mimi Gladness nafanya biashara ya mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara ambavyo wanunuzi wa nje wanavigombania. Nayafuata Nansio, nayaleta Mwanza. Vijana wa mapanga waliwahi kunivizia Buzuruga, na kovu la begani ninalo mpaka leo. Tangu siku ile sitembei mikono mitupu.

Shida ilikuwa tumbo. Baada ya miaka mingi ya ndoa, ya maombi, ya mizizi na ya maneno ya mama mkwe, hatimaye nilikuwa na mimba, nayo ilikuwa imeanza kujitokeza. Mtoto yule nilimtaka kuliko nilivyotaka kuishi. Lakini mjamzito ajaribu kuvaa bastola ndipo atajua mateso. Kiunoni mkanda unakaba. Ubavuni inachoma kila ukikaa. Chini ya kwapa inatuna, mpaka muuza nyanya anaiona. Kwenye mkoba? Mkoba ndio kitu cha kwanza mwizi anachonyakua. Ala laini inastarehesha ila inaonyesha umbo lote la chuma. Ala ngumu inaficha, lakini jioni unaivua una alama mwilini kama umechapwa fimbo. Mume wangu, Machibya, akanishauri bastola niiache nyumbani. Nikamwambia basi akazae yeye.

Watu walinielekeza kwa Ndalahwa, mzee anayewamba ngoma na kushona mikanda nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga. Nilimkuta anafunga kazi. Dole gumba lake la kushoto alikuwa amelizungushia kitambaa kichafu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," alijibu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Karibu."

Aliitazama bastola. Akalitazama tumbo.

"Unataka ikae vizuri, au isionekane?"

"Vyote viwili."

"Vyote viwili havipatikani kwenye ngozi ya kawaida."

"Isiyo ya kawaida unayo?"

Kiherehere changu hicho. Aliinama, akavuta kipande cheusi kutoka chini ya rundo la ngoma zake. Kilikuwa laini kama sikio la ndama. Kilinuka moshi, na chini ya ule moshi... udongo mbichi.

Alinishonea palepale. Ilikuwa ala pana, yenye mkanda unaopita chini ya kitovu na kulibeba tumbo lote kwa upole. Nilipoivaa nilishusha pumzi. Mgongo, uliokuwa umenisumbua kwa wiki nzima, ukaacha kuuma.

"Haitaonekana?" niliuliza.

Akanisogelea.

"Kitakachokaa hapo hakitaonekana," alinong'ona.

Nilidhani fundi anajisifu, maana mafundi ndivyo walivyo. Kumbe alikuwa ananiambia ukweli mtupu.

Nyumbani nilivaa gauni la kubana makusudi, nikasimama mbele ya Machibya. Akanizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Hakuona kitu. Tulicheka sana siku ile. Nikawa silali bila ala, maana ilinibeba vizuri kuliko mto wowote. Nikafika mahali pa kusahau kabisa kwamba nimeivaa.

Kisha wanawake wa kwenye feri ya Nansio, waliokuwa wakinipisha nikae, wakaacha kunipisha. Muuza uji wa gatini akaacha kuniuliza najifungua lini. Nikawaona hawana adabu. Halafu mama mkwe akaja kututembelea. Alikaa, akanywa chai, akanitazama tumboni mpaka machozi yakamtoka.

"Gladness, mwanangu," alisema taratibu. "Mimba imekwenda wapi?"

Nilikimbilia chumbani, kwenye kioo.

Tumbo lilikuwa bapa.

Nikaweka kiganja. Chini ya kiganja kulikuwa na mviringo, mgumu, wa moto. Mtoto akapiga teke. Kwenye kioo, mkono wangu ulikuwa umesimama hewani, mbali na mwili, umeshika kitu ambacho hakikuwepo.

Nilifungua mkanda. Ala ikaanguka kitandani. Nikaingiza vidole, nikaichomoa bastola.

Mkono wangu ulikuwa mtupu.

Mkono wangu ulikuwa mzito.

Niliifungia bastola kabatini kwa kupapasa, nikabeba ala, nikatoka mbio kwenda kliniki bila hata kuvaa viatu vya maana. Nesi Winnie ndiye aliyenipima tangu mwanzo, na anawajua wajawazito wake kwa majina. Alinitazama, uso ukamshuka, akaanza maneno ya pole. Nikamkamata mkono nikamwekea tumboni. Akachukua kile kipembe cha kusikilizia, akainama. Feni ya darini ilizunguka... ikazunguka...

"Mapigo yapo," alinong'ona.

Akanipeleka kwenye picha. Skrini ikawa nyeusi yote, kama usiku usio na taa. Akabadilisha mashine. Nyeusi. Winnie alifunga mlango wa chumba kwa ufunguo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kukimbia.

"Mama, ulifanya nini?"

Nilirudi Magu jioni ileile. Ndalahwa hakujifanya kushangaa. Aliipokea ile ala, akaipapasa mishono yake, na mimi nikatamani kumnyonga.

"Ngozi hii ni ya nini?"

"Ya maziko ya Mzee Shimba."

Nikaelewa kabla hajamaliza. Kwetu, katika koo za zamani, mwenye mji akifa huchinjwa dume jeusi la zizi lake, naye huviringishwa katika ngozi ya dume lile. Babu yangu mwenyewe alizikwa hivyo. Na ngozi ile haikatwi. Huingia kaburini nzima, pamoja na masikio na mkia.

"Mzee alikuwa mfupi," Ndalahwa alisema. "Ngozi ikazidi. Mimi ndiye niliyeichuna. Ngozi nzuri namna ile, mayu, nani angeiacha ioze? Nikakata ukingo."

"Ukanivisha mimi! Tumboni!"

"Ulitaka kifichwe. Ile kazi yake ni kumficha mtu asionekane tena kwa aliowaacha. Haichagui nani. Hata mimi nilijikinga dole kwa kipande chake nikishona."

Akafungua kitambaa cha dole gumba. Hapakuwa na dole. Hapakuwa na kidonda pia, wala kovu. Akauweka mkono juu ya ngoma.

Tu... tu... tu...

Kitu kilikuwa kinaigonga ngozi, na mimi sikukiona.

"Irudishe kaburini," nilisema huku nalia.

"Kaburi liko ziwani. Maji yalipopanda yalimeza ufukwe wote ule."

"Basi ichomwe!"

"Masalia yote nilichoma mimi mwenyewe. Dole limerudi?"

Niliichukua ala nikampiga nayo usoni. Hakukwepa. Nilimpiga mpaka nikachoka, kisha nikaitupa miguuni pake, nikapanda gari kurudi Mwanza. Mtoto alicheza tumboni njia nzima.

Siku ya kujifungua, Winnie alinihudumia peke yake, kwenye chumba cha nyuma. Mikono yake ilipokea hewa, na ile hewa ikalia. Alinilaza mtoto kifuani. Uzito. Joto. Mdomo mdogo unaotafuta titi. Winnie alimpapasa kwa uangalifu.

"Ni wa kiume," alisema. Halafu akaenda kona ya chumba akatapika.

Nilimpa jina Obedi. Machibya alijaribu, simlaumu sana. Alimbeba, akamwimbia. Kisha asubuhi moja nikamkuta anapanga nguo zake kwenye begi.

"Siwezi, Gladness," alisema. "Siwezi kukaa na mtoto nisiyejua kama ananitazama."

Akaondoka. Aliyebaki na mimi ni mama mkwe, yule niliyemsema miaka yote. Ndiye aliyeniambia nimvalishe Obedi fulana nyekundu, tuione fulana ikitambaa mkekani. Ndiye aliyenunua njuga za mguuni. Sijui mwanangu ana sura ya nani. Najua tu kwa vidole: paji pana, pua ndogo, kishimo kidevuni. Nilimpenda hivyo hivyo, nikazoea. Nyumba ilikuwa inalia chirichiri mchana kutwa, na mimi nilikuwa na furaha, nasema wazi.

Jumamosi moja jioni nilikuwa nakoroga uji. Njuga zililia nyuma yangu. Zikalia tena, karibu na mlango.

Zikanyamaza.

Niligeuka. Fulana nyekundu ilikuwa mkekani, imekunjwa. Juu yake zilikuwa zimewekwa njuga. Kamba haikukatika. Ilikuwa imefunguliwa, na lile fundo ni la kufungia ndama; mimi mwenyewe hulifungua kwa meno. Mlango ulikuwa wazi. Kutoka pale hadi ziwani ni mteremko wa mawe tu.

Nilipiga yowe. Majirani wakaja, wakasimama pembeni, kila mtu anaogopa kusogeza mguu asije akamkanyaga. Mimi na mama mkwe tulishuka kwa magoti. Tulipapasa kila jiwe, kila kichaka, kila mtaro. Magoti yalichunika. Giza lilikuwa linaanza kushika.

"Nyamazeni!" nilipiga kelele. "Nyamazeni wote, nimsikilize!"

Wakanyamaza. Mpaka mbwa walinyamaza.

Na kutoka majini, mbali sana kuliko mtoto anavyoweza kutambaa, Obedi akacheka. Kilikuwa kicheko chake kile cha taratibu, cha kooni.

Mama mkwe alinishika mkono asiniachie. Wote wawili tunakijua kicheko kile.

Hukicheka akiwa amebebwa tu.