Mko Wangapi Nyumbani

Jua lilikuwa likizama nyuma ya vilima vya Mkongani Kanyiva alipotoka kwenda kumleta ng'ombe. Alimfungia bintiye Cynthia ndani kwa ufunguo, akamwonya asimwitikie mtu yeyote.

Tangu mumewe Musau afariki, kazi hiyo ilikuwa ya Elijah, mwanawe mkubwa. Sasa Elijah naye alikuwa amelala kando ya babake, nyuma ya migomba. Wote wawili, kila mmoja kwa jioni yake, walirudi kutoka bondeni na ndoo iliyojaa maziwa, wakisema kuna mzee mpole aliyewakamulia. Wote wawili walishikwa na homa, na wiki haikuisha. Kabla hajakata roho, Elijah alimnong'oneza mamake:

"Aliniuliza tuko wangapi nyumbani. Nikamwambia tuko watatu."

Kanyiva aliteremka hadi bondeni. Kimya. Hata vyura hawakulia. Kisha akasikia...

Chwaa. Chwaa. Chwaa.

Maziwa yakiingia ndooni.

Na ndoo ilikuwa mkononi mwake.

Harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi ikampanda puani, ilhali mvua haikuwa imenyesha tangu masika. Mzee alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe, amempa mgongo. Shati lake lilikuwa limegandamana kwa matope. Ng'ombe alikuwa akitetemeka, lakini hakusogea.

"Hujambo, mwanangu," alisema bila kugeuka.

Kanyiva alitaka kukimbia. Miguu ilikataa.

"Mko wangapi nyumbani?"

Akamfikiria Cynthia. Kama lazima achukuliwe mtu, basi na achukuliwe yeye.

"Niko peke yangu," alinong'ona.

Mikono ya mzee ikasimama.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Pole sana, mwanangu," alisema taratibu. "Naijua hali hiyo."

Hapo ndipo miguu ilipomtii. Alikimbia hadi nyumbani bila kutazama nyuma. Mlango ulikuwa bado umefungwa. Akaufungua, akaingia. Cynthia alikuwa amejilaza kwenye mkeka, macho wazi, mwili baridi kama wa mtu aliyekufa tangu asubuhi.

Baada ya maziko, jirani yake Mzee Nzai alibaki nyuma watu walipotawanyika.

"Mama Cynthia, unisamehe sikusema mapema," alisema. "Kabla hamjagawiwa ardhi hii, palikuwa na mtu akilima hapa. Alizika watoto wake wote, kisha akamzika mkewe. Alipokufa yeye, hakuwapo wa kumzika. Mwili wake hatukuupata."

"Anataka nini kwangu?"

"Labda anataka watu wa kukaa naye. Labda hata si yeye. Sijui, mama. Wallahi sijui."

Kanyiva alimuuza ng'ombe. Yeye mwenyewe hakuondoka. Angekwenda wapi, na wote aliokuwa nao wako nyuma ya migomba?

Ndipo mdogo wake Faith alipofika kutoka Makindu, mtoto mgongoni, kuja kumliwaza. Kanyiva alimsihi arudi kwao siku hiyohiyo. Alimsimulia yote. Faith alimkumbatia akalia naye, akaamini ni majonzi yanayosema, akabaki.

Jioni moja Kanyiva alipitiwa na usingizi. Alipoamka, giza lilikuwa likiingia na nyumba ilikuwa kimya. Aliita. Hakuna aliyeitika. Alikuwa akipapasa viatu vyake Faith alipoingia, mtoto mgongoni, kapu la mihogo limejaa pomoni.

"Udongo wa huko bondeni ni mgumu, dada," alisema akilitua. "Bahati nzuri nimempata mzee mmoja akanisaidia kung'oa. Mpole sana. Ameuliza habari za nyumbani."

"Ukamwambia nini?"

"Si nimemwambia ukweli? Kwamba wewe huko peke yako tena. Tuko watatu."

Kanyiva alimfungua mtoto kwenye leso, akamketisha mapajani, akamshika nyayo.

Zilikuwa bado na joto.